Mjadala: Je, Gen Z wataleta itikadi mpya, au watamezwa na vyama vile vile?

Mwanzilishi wa mada
Hoja inayovuma mjini ni kwamba wazee wa siasa za kikabila wakiondoka, siasa itabadilika yenyewe. Napinga. Waliopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A cha katiba ya Kenya, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa Desemba 1991, hawakukosa ujasiri. Lakini kabla ya uchaguzi wa 1992 FORD, chama chao cha upinzani, kilikuwa kimepasuka, huku FORD-Kenya, kule FORD-Asili, na Rais Moi akarudi Ikulu kwa takriban 36% ya kura. Walikubaliana nani aondoke. Nani alipe kodi na ardhi igawiwe vipi, hawakukubaliana, na itikadi hukaa hapo.

Jibu, Kayole
Juni 2024, Gen Z walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, ilikuwa tofauti, mwenzangu. Mswada huo ulitaka mkate utozwe VAT ya 16% na kila gari litozwe 2.5% ya thamani yake kwa mwaka. Vijana waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama na kuueleza TikTok. Swali likawa: mzigo umwangukie mlaji au mwenye mali? Hilo ni swali la kitabaka, lile lile ambalo KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga, kililiibua 1966 kabla ya kupigwa marufuku 1969. Msiseme hakuna itikadi hapo.

Jibu, Lang'ata
Ndugu zangu, tuje kwenye hesabu. Mwaka 2022 daftari lilikuwa na wapiga kura milioni 22.1, na wa miaka 18 hadi 34 hawakufika 40%. Kusajili chama kunahitaji wanachama 1,000 ambao ni wapiga kura katika kila kaunti, na kaunti zizidi nusu, yaani angalau 24. Mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo, na Nairobi ina wadi 85.

Wengi huangukia hapa: anayekutilia sahihi anaishi Umoja lakini kura yake iko mashambani. Sahihi hiyo haihesabiki. Kusanyeni hata 700.

Kisha mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na tarehe ni 10 Agosti 2027. Mwaka 2021 watu wengi waligundua wameandikwa vyamani bila ridhaa yao. Kagua jina lako kwa Msajili wa Vyama kupitia eCitizen sasa hivi. Ukijikuta ndani, jiondoe kwa maandishi na ubaki na nakala yenye muhuri.

Mwanzilishi wa mada
Nashukuru, hayo ni ya maana sana. Lakini mgombea huru akishinda hapati hata senti ya Mfuko wa Vyama vya Siasa, ambao kisheria haupaswi kupungua 0.3% ya mapato ya serikali ya kitaifa. Atakuwa peke yake kwenye bunge la kaunti, akibembeleza kura kwa kila hoja. Msimamo wa mtu mmoja haudumu hivyo.

Jibu, Kibra
Tusichanganye umri na kizazi. Mwanasosholojia Karl Mannheim alishaeleza mwaka 1928 kwamba kuzaliwa wakati mmoja hakutoshi kuwafanya watu kizazi. Watu hufinyangwa pamoja na tukio linalowakuta wakiwa bado vijana. Tukio hilo Gen Z wanalo, Juni 2024. Wakishapata watoto, mikopo na ploti, mtazamo wao kuhusu kodi unaweza kugeuka, kwa hivyo msimamo uandikwe sasa.

Jibu, Kayole
Basi waanzie kwenye bajeti ya kaunti. Waraka wa mikakati ya fedha hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili. Makosa ya kila mwaka ni kujitokeza Mei, wakati viwango vya juu vya matumizi ya kila idara vilishapangwa tangu Februari. Vijana wa wadi waandike mapema kurasa mbili: zahanati ipate kiasi gani, barabara kiasi gani, ada ipi ya soko ishuke na pengo lizibwe na nani. Hapo kwenye pengo ndipo watakapogawanyika, na afadhali wagawanyike kwa hilo kuliko kwa majina ya ukoo.