Nyumba ya mnada wa benki au ya kuuziwa na mwenyewe, ipi ina unafuu?

MkaziWaGoba: Wakuu, nina milioni 90, natafuta nyumba ya kuishi na familia upande wa Tegeta au Madale. Gazetini kuna tangazo la mnada wa vyumba vitatu, mkopaji kashindwa kulipa. Na kuna jirani anauza yake, ila ipo rehani benki. Ya mnada inaonekana bei chee. Nipeni mwanga.

DadaUkonga: Kaka, soma masharti kwanza. Matangazo mengi yanataka asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14. Kama unategemea mkopo hapo hutoboi, na ukichelewa ile asilimia 25 unaisahau. Halafu uliza nani yumo ndani. Niliwahi kwenda mnada mmoja Kimara: dalali anapaza sauti getini, mama mwenye nyumba kakaa barazani na wanawe, maharage yako jikoni. Aliyeshinda alipewa karatasi. Kuwatoa wale ikawa shughuli yake.

MzeeWaHati: Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mkopaji notisi ya siku 60 alipe deni kabla benki haijauza. Na bei ikiwa chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki inachukuliwa kuwa haikutimiza wajibu wake, kwa hiyo hiyo bei chee ndiyo inayompa mkopaji sababu ya kwenda mahakamani. Kifungu cha 135 kinamlinda mnunuzi, mkopaji anabaki kudai fidia kwa aliyeuza. Lakini kama ulijua kuna udanganyifu, kinga hiyo huna. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi: rehani imesajiliwa? Kuna zuio? Na kama ni nyumba ya ndoa, mwenza aliridhia? Hilo la mwenza usilipuuze hata kidogo.

BintiKigamboni: Tusichanganye na mnada wa mahakama. Ule unatokana na hukumu, salio ni siku 15, na mdaiwa bado ana nafasi ya kuomba mauzo yatenguliwe kabla mahakama haijayathibitisha. Kwa mtu anayetaka kuhamia na watoto, simshauri.

DadaUkonga: Ndiyo maana mimi ningeenda kwa jirani. Mnakaa yeye, wewe na ofisa wa benki. Benki inaandika barua ya deni lililobaki, hela ya deni unaiingiza kwenye akaunti ya mkopo, usimpe mkononi. Rehani inafutwa, hati inahamishwa, naye anaondoka na chenji yake. Utalipa zaidi ya mnadani, sikatai, ila funguo anakukabidhi mwenyewe bila kinyongo.

MkaziWaGoba: Nimemuuliza, anasema limebaki kama milioni 38. Tumekubaliana twende benki pamoja Jumatatu.

MzeeWaHati: Vizuri. Hiyo 38 aiseme benki kwa maandishi, riba na adhabu zikiwemo. Mwombe na risiti za kodi ya pango la ardhi, maana ikiwa inadaiwa uhamisho hausogei.