Orlok hatembei mchana: gumzo la kikundi cha ukoo

Baraka: Shikamooni wakubwa. Kuhusu filamu ya Jumamosi, kura yangu naiondoa kwenye Nosferatu ya 1922. Mnyonya damu, Orlok, anapita mjini na jeneza kwapani, jua linawaka, halafu mwisho tunaambiwa jua ndilo linalomuua. Sasa hapo mwandishi alikuwa amelala?

Mjomba Idi: Marahaba. Jeneza analibeba usiku, Baraka. Umetazama kopi isiyo na rangi.

Baraka: 1922 kulikuwa na rangi mjomba? 😂

Mjomba Idi: Si rangi za kamera. Ukanda wenyewe ulichovywa. Filamu za enzi hizo hazikuweza kunasa mwanga hafifu, kwa hiyo mwongozaji, Murnau, na mpiga picha wake, Fritz Arno Wagner, walipiga vipande vya usiku nje mchana kweupe. Wakati wa kutoa nakala, kipande cha usiku kinatiwa bluu, cha mwanga wa mishumaa njano, cha alfajiri waridi, kisha vinaunganishwa. Mtu wa Berlin akiona bluu anajua jua limezama, haambiwi. Ukiiondoa bluu unabaki na mwinyi Orlok anayerandaranda saa saba mchana.

Zuhura: Na mwisho wake unakuwa haueleweki kabisa. Ile waridi ikianza kuingia chumbani kwa Ellen, mwanamke anayewindwa na Orlok, unajua jamaa kachelewa. Kwenye nyeusi na nyeupe jogoo anawika tu, hujui kwa nini mtu ageuke moshi.

Baraka: Sawa, hilo nimelipokea. Na wale watu kukimbia kama kuku? Kila mtu ana haraka.

Zuhura: Hiyo ni spidi. Kamera ilizungushwa kwa mkono, na nakala iliyokarabatiwa inakwenda fremu 18 kwa sekunde, dakika 94. Ukiipitisha kwa fremu 24 za filamu zenye sauti, inakwisha kwenye dakika 70 hivi, na kila mtu anatembea theluthi moja haraka kuliko inavyotakiwa. Orlok anatisha kwa sababu HANA haraka. Mharakishe uone, anakuwa mchekeshaji.

Zuhura: Lakini lile gari la farasi msituni liache, pale haraka imekusudiwa. Hata miti kuwa myeupe na mbingu nyeusi imekusudiwa, wametumia picha ya negativu. Pia pale Orlok anapopakia majeneza kwenye mkokoteni na mfuniko unajifunga wenyewe: wamepiga fremu moja moja, wakisogeza vitu katikati.

Shangazi Rehema: Sasa tutaijuaje kopi nzuri kabla ya kumaliza bando? Mnatoa darasa la historia na vocha ni zetu.

Mjomba Idi: Angalia urefu kwanza. Sitini na kitu, achana nayo. Tisini na kitu, fungua. Halafu soma maandishi ya kati, yale yanayoeleza kwa kuwa filamu haina sauti. Yakimwita mnyonya damu Dracula, mji ukawa Bremen, hiyo imetoka kwenye nakala za zamani za Kiingereza zilizobadilishwa majina. Kwenye ya Wajerumani ni Orlok, Hutter, Ellen, Knock, na mji ni Wisborg. Mwisho ruka hadi kifo cha Orlok. Hakuna waridi, funga.

Shangazi Rehema: Wisborg ni wapi huko?

Mjomba Idi: Haupo, ni wa kubuni. Walipiga picha Wismar na Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Nyumba mbovu anayoinunua Orlok ni maghala ya chumvi ya Lübeck, yamesimama hadi leo. Ngome yake ni Orava, iko Slovakia.

Baraka: Kwa nini lakini filamu maarufu hivi ina kopi mbovu nyingi hivi?

Mjomba Idi: Kwa sababu ilitakiwa isiwepo. Walichukua Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897, bila ruhusa, wakabadilisha majina. Mjane wake, Florence, akashtaki. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Kampuni yenyewe, Prana-Film, ilishafilisika, hii ndiyo filamu yake pekee. Zilizopona ni zile zilizokwisha kuvuka mipaka, kila moja imekatwa kivyake. Walioikarabati waliokota kipande huku, kipande kule.

Shangazi Rehema: Na habari ya jua ni yao, si ya Stoker. Kwenye kitabu Dracula anatembea mchana, ila nguvu zinapungua. Kufa kwa mwanga kumeanzia kwenye hii filamu, wengine wote wameazima.

Mama Neema: Kumbe ni mumiani tu wa Kizungu.

Shangazi Rehema: Hapana wifi. Mumiani hanywi. Yule anakuvizia akutoe damu ikatengenezwe dawa, ndiyo maana enzi za mkoloni watu waliwakimbia hata wazimamoto. Yaani nyuma yake kuna tajiri, kuna soko. Orlok ni njaa yake mwenyewe, na anakuja na panya na tauni. Tofauti kubwa hiyo.

Mama Neema: 😅 Haya nimekoma. Mimi swali langu ni yule mnyama karibu na nyumba ya wageni. Maandishi yanasema mtu anayegeuka mbwamwitu. Mbona ni fisi?

Zuhura: Ni fisi. Fisi milia kabisa, mistari inaonekana. Mzungu anaona kiumbe cha ajabu, sisi tunaona kipando cha mchawi. Kwangu pale panatisha zaidi kwa bahati mbaya yao.

Baraka: Bado nasema tuweke Nosferatu ya 2024 ya mwongozaji Eggers. Picha safi, sauti ipo, Skarsgård, Orlok wa humo, kaishusha sauti mpaka kifua cha mtu kinatetemeka.

Zuhura: Ya 2024 naipenda kuliko Mjomba anavyotaka nikiri. Lily-Rose Depp anamwigiza Ellen vizuri sana. Kwenye ya kwanza Ellen anasubiri tu, huyu anapigana. Masharubu ya Orlok watu wameyacheka bure, ni mwinyi wa Transylvania, alitakiwa awe nayo. Ila nusu saa ya mwisho inaeleza mno.

Mjomba Idi: Masharubu sawa. Lakini Murnau kampandisha ngazi kivuli peke yake, taa imewekwa chini na karibu, mkono ukarefuka ukutani. Hakuna damu wala kelele. Nitajie kipande kimoja cha 2024 kinachofanya hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Mama Neema: Watoto watakuwepo?

Zuhura: Basi 2024 haifai. Ina utupu na damu, Marekani haimruhusu aliye chini ya miaka 17 bila mtu mzima. Ya 1922 wanaweza kukaa, wakubwa kidogo. Mtu mmoja awasomee maandishi kwa Kiswahili.

Zuhura: Na hiyo ya 2024 kwenye shuka nje darini ingetuaibisha. Usiku wake umepigwa karibu usiwe na rangi, giza juu ya giza. Taa ya jirani ikiwaka huoni kitu, na video iliyobanwa sana inageuza giza kuwa vigae vya mraba.

Baraka: Nimeshindwa. Mnataka nini kwenye projekta?

Mjomba Idi: Umbo la picha 4:3. Usiivute ijae skrini. Ukiivuta hadi 16:9, Max Schreck, anayemwigiza Orlok, ananenepa theluthi moja, na kutisha kwake kote kupo kwenye wembamba. Picha ya upana wa mita 2 inakuwa na kimo cha mita 1 na nusu, inatosha watu ishirini. Zima pia ule mpangilio wa kulainisha mwendo, unaleta ukungu mikononi.

Mjomba Idi: Shuka moja linapitisha mwanga, picha inapauka. Weka mawili, au nyuma yake tandika kitambaa cheusi. Pigeni pasi. Funga pembe zote nne na chini katikati, upepo wa darini ukilitikisa Orlok anacheza lelemama.

Zuhura: Muziki acha wa Erdmann, mtunzi wa kwanza wa filamu hii, uliorudishwa upya. Kuna kopi zimewekewa midundo ya disko, tafadhali.

Shangazi Rehema: Tuanze saa ngapi?

Mjomba Idi: Baada ya Isha, giza liwe limekamilika. Saa mbili na nusu, saa nne na dakika chache tumemaliza.

Mama Neema: Shuka jeupe ninalo moja tu, na lina maua pembeni.

Baraka: Maua yawe upande wa ngome 😂 La pili nani analo?