Sanduku la spana la babu, fundi wa jeshi: nisafisheje bila kufuta alama zake?

Mjukuu wa Kwanza
Wakuu, salaam. Babu yetu ametutoka, alikuwa fundi wa magari jeshini mpaka alipostaafu. Siku ya kumbukumbu tutaweka meza yenye picha zake na sanduku lake la spana, nami nimepewa dakika 5 za kusoma wasifu. Spana zimeshika kutu, na nyingi amezichonga herufi za jina lake. Nataka kutu itoke, herufi zibaki. Na wasifu wa fundi unaandikwaje usiwe orodha ya vyeo tu?

Kutu Adui
Pole sana mkuu. Kabla hujagusa kitu, piga picha ya kila droo jinsi alivyoipanga. Mpangilio ule nao ni kumbukumbu.

Spana za chuma kitupu zioshe kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo mpaka grisi iishe. Siki haipenyi grisi, ndiyo maana watu hutoa spana zenye madoadoa. Kisha zilaze kwenye siki nyeupe ya asilimia 5, chombo cha plastiki, zizame zote. Inayochungulia nje huliwa mstari pale siki inapokutana na hewa. Kagua kila baada ya saa 3 au 4, na usipitishe saa 24. Sugua kwa brashi ya shaba au nailoni. Brashi ya kufunga kwenye grenda weka mbali kabisa, italamba kingo za herufi hizo hizo unazozitaka.

Suuza, chovya dakika 10 kwenye maji lita 4 yenye vijiko vikubwa 4 vya magadi soda ili kuua asidi, kausha papo hapo, pakaa oili nyepesi ya mashine. Ukichelewa kukausha, kutu ya rangi ya chungwa inarudi ukiitazama.

Toki Renchi
Hapo naongezea, maana kuna mtego. Spana ambazo kromu imeanza kubanduka, fila geji (vibamba vya kupimia nafasi nyembamba), mikrometa (kipimo cha unene), springi na toki renchi (spana ya kukaza kwa nguvu iliyopimwa) zisiguse siki. Asidi hupita chini ya kromu ikaibambua, na chuma kigumu cha springi hunywa haidrojeni kikawa chepesi kukatika ghafla. Hizo futa kwa kitambaa chenye oili, basi. Toki renchi ya kubofya irudishe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo chake, usiilegeze kupita hapo.

Halafu zisome spana zenyewe. Zenye 7/16 au 1/2 na herufi AF ni za inchi, na namba ni upana wa mdomo. Zenye W ni za Whitworth, mfumo wa Waingereza, na namba yake ni unene wa bolti: 1/4 W ina mdomo wa kama milimita 13.3. Watu huijaribu kwenye nati ya 13, wakiona inacheza wanadhani imeliwa, wanaitupa. Hiyo hiyo huandikwa pia 5/16 BSF, yaani bolti za Waingereza za nyuzi nyembamba. Angalia ni seti gani imechakaa zaidi mdomoni, utajua alishinda kwenye magari ya mfumo gani. Hilo liingie kwenye wasifu.

Mhariri wa Zamu
Dakika 5 za kusoma kwa utulivu ni kama maneno 450. Jeshi lichukue sentensi mbili: mwaka wa kuandikishwa, kikosi, cheo cha mwisho, mwaka wa kustaafu. Nakili kutoka kwenye vyeti vyake, usitegemee kumbukumbu za wajomba. Namba yake ya jeshi usiisome hadharani.

"Alikuwa mchapakazi" na "alitupenda sana wajukuu" futa. Andika alichofanya kwa mikono: kama alikuwa akiegemeza bisibisi kwenye injini na mpini sikioni ili asikie inapogonga, sema hivyo. Upande wa wajukuu, waulize swali moja tu: babu alikuwa anakukataza nini ukishika spana? Majibu yatakuja mafupi, na ndiyo watu watakayoondoka nayo.

Mjukuu wa Kwanza
Asanteni sana. Kuna ringi spana moja imekunjwa kama ndoano, mpini umekatwa nusu, na shingoni ina rangi ya bluu. Niinyooshe?

Toki Renchi
Usithubutu! Hiyo kaipasha moto akaikunja mwenyewe ili afikie nati iliyojificha, mara nyingi ya manifodi (mabomba ya hewa na moshi ya injini) au ya stata (mota ya kuwashia), mahali ambapo spana nyoofu haina nafasi ya kugeuka. Bluu inaonyesha pale joto lilipofika nyuzi kama 300. Penyewe palipokunjwa palikuwa pekundu. Siki itaifuta rangi hiyo, kwa hiyo ipate oili tu. Mtafute mtu aliyefanya kazi naye akwambie ilikuwa ya nati gani, uandike kwenye kikaratasi na kuiweka mbele ya meza, peke yake.