Picha za wazee wa Majengo: tuzihifadhi sisi au tuwarudishie wenyewe?

Mjukuu wa Majengo

Salamu kwenu nyote. Tuko watu saba tunaojitolea kukusanya picha na karatasi za familia za Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, na tumeazimwa chumba kimoja karibu na soko la Gikomba. Mwezi uliopita bibi mmoja alitukabidhi kopo la biskuti lenye picha 41, stakabadhi za kodi, na kikasha cha bati cha kutilia kipande (hati ya utambulisho na kazi), kile walichovishwa wanaume shingoni enzi za mkoloni, kamba yake ingalipo. Alisema tuchukue tu. Wiki mbili baadaye mwanawe akaja kudai kila kitu kirudi nyumbani. Nusu ya kamati inashikilia kwamba kilichotolewa kimetolewa. Nusu nyingine inasema hatukuandikiana chochote, hivyo hatuna haki.

Kuna na jambo la pili. Nyuma ya picha ya mama aliyeketi kibarazani pameandikwa kwa wino "Pangani 1946", ilhali kijiji cha Pangani ya zamani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshaishika kalamu ili aukate mwaka huo, nikamnyang'anya. Naomba ushauri kwa yote mawili.

Karani Mstaafu

Mrudishieni bibi kopo lake, tena mapema. Nimeshughulika na majalada kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijaona mradi wa mtaa uliodumu baada ya watu kuanza kunong'ona kwamba unawanyang'anya wazee vitu vyao. Zaidi ya hayo, Gikomba imeungua mara ngapi? Chumba kimoja jirani na soko hilo si mahali pa kuweka nakala ya pekee ya kitu chochote.

Kabla ya kurudisha, pitisheni kila picha kwenye skana, mbele na nyuma, kwa nukta 600 kwa inchi, mhifadhi faili za TIFF na kutoa nakala ndogo za JPEG za kuonyesha watu. Wekeni nakala tatu, mojawapo nje ya mtaa kabisa. Namba ya picha iandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya hadi upande wa pili. Selotepu, gundi na plastiki ya kubandika kwa moto ni marufuku. Najua wengi huona plastiki hiyo kuwa heshima kwa picha, lakini picha iliyokwisha kuvikwa haivuliki tena bila kuharibika. Na maandishi ya nyuma hayaguswi, hata yakiwa na kosa: yanakiliwa yalivyo kwenye daftari, kisha shaka yenu inaandikwa kando, pamoja na jina la mwenye shaka na tarehe.

Binti Kaloleni

Naunga mkono, ila naona Karani ameanza na mashine, ilhali wa kuanza naye ni bibi. Sisi huku tulipiga nakala zaidi ya picha mia mbili kabla ya kumrekodi mtu yeyote, tukiamini kwamba wazee wapo tu. Mzee mmoja aliyekuwa akituahidi majina ya kikosi kizima cha mpira alifariki tukiwa bado tunahangaika na skana, na leo faili kumi na tisa zinaitwa "mchezaji asiyejulikana". Mpeni bibi picha mkononi, si kwenye simu, mwashe kinasa sauti, mnyamaze. Mkimwuliza "Huyu ni nani?" atataja jina, mkimwuliza siku ile ilikuwaje, mtakaa hadi magharibi. Mwanawe naye mwalikeni, maana huenda kinachomuuma ni kwamba hakuulizwa.

Msomaji wa South B

Nyongeza fupi: andikianeni karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi, ikitaja nani anaruhusiwa kuona nini. Tangu sheria ya ulinzi wa data ya 2019, kadi za hospitali na namba za vitambulisho za watu walio hai si vitu vya kubandika mtandaoni ovyo. Kuhusu Pangani, waulizeni watumishi wa Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, wana majalada gani ya uhamisho ule.

Mjukuu wa Majengo

Nawashukuru. Jumamosi tulikwenda watatu, tukamkuta bibi na mwanawe. Alipoigeuza ile picha alicheka kwanza, kisha akatueleza kwamba mwandiko ni wa marehemu mumewe, na kwamba "Pangani" si mahali: ndivyo walivyomwita jirani yao aliyehamia kutoka kule, Mama Pangani, hadi jina lake la kuzaliwa likasahauliwa. Mwaka 1946 hauna kosa. Yule mwenzetu wa kalamu alikuwepo, akainama kufunga kamba za viatu. Tumerekodi saa moja na nusu, tumefika picha ya kumi na mbili, na kopo limerudi chini ya kitanda. Mwana ametuomba tusije siku za kazi, kwa kuwa naye anataka kuwepo.