Kituo cha sanaa mnatuulia ngoma, halafu bango linasema "kubadilishana utamaduni"

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, sitaficha. Kuna kituo cha sanaa hapa Kigoma mjini, jina naliacha, wanaohudhuria mnakijua. Kila baada ya miezi michache kinabandika mabango: jioni ya kubadilishana utamaduni, Waha, Warundi, Wakongo wa ng'ambo ya ziwa na wageni kutoka Ulaya. Wazo lenyewe ni zuri mno. Mwenye Kiha na mwenye Kirundi wanaelewana bila mkalimani, maji ya ziwa tunachota wote, na mji wa kufanya jambo hili ni huu. Ndiyo maana kinachofanyika pale kinauma.

Nianze na ngoma zenyewe. Ngoma kubwa za kituo, zile za mti wa mringaringa, zimechorwa nembo ya kituo kwa rangi ya mafuta katikati ya ngozi, pale pale fimbo zinapotua. Nani aliruhusu? Ngozi inalia kwa sababu ni nyepesi na imevutwa sawa kila upande. Ukiibandika tabaka la rangi katikati unaitia uzito mahali inapotikisika kuliko pote, na mlio unakuwa mfu, kama unapiga gunia la mchele. Ukiisogeza motoni, rangi inafanya malengelenge na kubanduka vipande vipande. Na haitoki. Ukisugua kwa tina unaikausha ngozi mpaka inapasuka, ukisugua kwa msasa unaila unene. Dawa ni moja, kuvua ngozi yote na kuwamba upya.

Na kuwamba kwenyewe mmekuvuruga. Nendeni mkaangalie ngoma mbili zilizo karibu na mlango wa stoo: ukingo mzima umepigwa misumari ya bati. Msumari unashika kutu kwa unyevu wa ngozi, kutu inakula tundu, tundu linapanuka ngozi inaachia. Mti nao unapasuka kufuata nyuzi zake, kutoka juu kwenda chini. Ngoma moja tayari ina ufa unaoingia ncha ya kidole. Msiuzibe kwa gundi ya mbao mkajiona mmemaliza, maana kila ngozi ikikaza ufa utafunguka tena.

Ngoma za aina hii zinashikwa kwa vigingi vya mti mgumu, kwenye matundu yaliyotobolewa mapema. Inatafutwa ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa bila chumvi, inalowekwa kwenye maji baridi usiku kucha mpaka ikunjike kama kitenge kizito. Maji ya moto hapana, yanaipika, inasinyaa na kuteleza kama gundi. Unakata duara linalozidi mdomo wa ngoma kama sentimita 15 kila upande. Kigingi cha kwanza kikishaingia, cha pili kinakwenda ng'ambo yake, cha tatu na cha nne ubavuni, hivyo hivyo kwa kukabiliana mpaka duara lijae. Anayezunguka upande mmoja kama anashona kofia anaivuta ngozi yote huko, na ngoma inatoka na sauti mbili. Kisha inakauka kivulini siku tatu hadi tano. Juani ngozi inakaza haraka kuliko mti, na hapo ndipo inapochanika kwenye vigingi. Mafundi wanaojua haya wapo mji huu huu, hawajaitwa hata siku moja.

Stoo sasa. Ngoma zimelazwa kifudifudi juu ya saruji tupu na kufunikwa nailoni. Saruji inapandisha unyevu, nailoni inaufungia ndani, na yale madoa meusi mnayoyaona ukingoni ni ukungu. Chaga za mbao za kuziinua na shuka kuukuu za pamba za kuzifunika ni gharama ya kuomba fedha kwa mfadhili kweli?

Halafu ratiba. Tangazo linasema saa tisa alasiri. Wapigaji wanakuja saa nane, wanawasha majani makavu, wanazungusha ngoma mbele ya moto huku wakigonga kwa vidole mpaka sauti ipande. Kazi hiyo ngoma moja inachukua dakika kumi hadi robo saa, na faida yake haidumu. Baada ya hapo kila mtu anaambiwa tumsubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi anafika saa kumi na mbili, zinafuata hotuba nne, na ngoma inapigwa saa moja na nusu usiku, hewa ya ziwa imeshaingia, ngozi zimelegea zote. Wazee wanaomba dakika ishirini za kuwasha moto tena, mshereheshaji anakataa, anasema muda umekwisha. Muda uliliwa na nani? Wenye watoto wameshaondoka, wageni wanasikia ngoma zilizolegea wakidhani ndivyo zilivyo.

Hata mpangilio jukwaani mmeubuni ninyi. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, na jambo hilo mnaliandika kila bango. Ngoma hizo hupangwa nusu duara na ngoma iitwayo inkiranya ikae katikati mbele, kwa sababu ndiyo inayoongoza: ngoma za amashakwe zinashika mapigo yasiyobadilika, zile za ibishikizo zinamfuata mpiga inkiranya kwa macho na masikio. Ninyi mnazipanga mstari mmoja ulionyooka kutazama mahema ya wakubwa ili picha itoke vizuri. Wa pembeni hamwoni kiongozi, anachelewa, na kosa linaonekana ni la kwake.

Kilichonikera kuliko vyote ni inanga, ile ala ya nyuzi. Kuna namna ya Kirundi ambapo mwimbaji ananong'ona na nyuzi ndizo zinazobeba sauti ya wimbo. Ni muziki wa watu wachache waliokaa karibu, kimya. Kituo kimempandisha mpigaji jukwaa lile lile la spika kubwa, jenereta ikinguruma hatua kumi nyuma yake, maiki mbele ya spika. Fundi mitambo akipandisha sauti, maiki inapiga mluzi. Akishusha, hakuna kinachosikika. Akaongeza mwangwi, mnong'ono ukageuka uvumi. Kulikuwa na ukumbi mdogo umefungwa pale pale! Mikeka, watu hamsini, milango imefungwa, bila umeme, ingetosha. Kama lazima uwanjani, jenereta ipelekwe mbali nyuma ya jengo kwa waya mrefu, spika zisogezwe mbele ya maiki, maiki moja kwa nyuzi na moja karibu na mdomo, mwangwi uzimwe.

Kuhusu vikundi vya kambini, mabango yanatoka na majina yao kabla hamjaomba kibali. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, kila mtu mkoa huu anajua, na majina yote lazima yawe kwenye barua. Mnapeleka barua wiki ya tukio, kibali hakitoki, halafu mnatangaza jukwaani kwamba kikundi "hakikutokea". Mmewachafulia jina watu waliokaa na mizigo yao wakisubiri gari.

Na kamera. Wageni wanarekodi kila kitu, wasanii wanapewa soda, fulana na karatasi ya mahudhurio ya kusaini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda msanii anayetumbuiza, na inazigusa hata sanaa za asili za jamii. Sahihi ya mahudhurio siyo ridhaa ya kurekodiwa. Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili, iseme video inakwenda wapi, malipo kiasi gani, isainiwe kabla ya ngoma. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kituo kimevutia kwake mpaka imechanika.

Tunachotaka: nembo zitoke kwa kuwamba upya, mafundi wa hapa walipwe kwa kazi hiyo, na ngoma zianze saa iliyotangazwa hata kama kiti cha mgeni rasmi ni kitupu. Hotuba zifuate baadaye.

NYONGEZA: Mdau aliyejitolea ngozi mbili kutoka machinjioni, asante sana. Tafadhali waambie wasizitie chumvi hata kidogo, maana chumvi inavuta unyevu na ngoma itakuwa inalegea kila jioni. Zitandazwe kwenye fremu ya miti siku hiyo hiyo, kivulini, zikunwe mafuta na nyama upande wa ndani. Na zifike kabla ya Novemba, mvua zikishakolea hakuna ngozi itakayokauka vizuri mpaka mwakani.