Eksporti ya maktaba ya nyimbo: ingegoma ningeshukuru, tatizo INAKUBALI

Wakuu salamu baadaye, kwanza niteme nyongo.

Leo siku ya nne nahamisha maktaba kutoka programu ya kupangia muziki kwenda ya kurushia hewani, nyimbo elfu nane na ushee, kazi ambayo wenye programu wanasema ni kubofya ekspoti, kubofya impoti, umemaliza. Siku ya nne! Na kinachoniuma sio kugoma. Inakuletea kijani kabisa "nyimbo zote zimeingia", unaenda zako kulala, saa nane usiku redio kimyaaa.

Koma kwanza. Faili inatenganishwa kwa koma, sawa, sasa wewe uliyeunda kitu cha redio hujawahi kusikia bendi inaitwa Earth, Wind & Fire?? Jina likiwa na koma unalizungushia alama za nukuu, limeandikwa kwenye RFC 4180, waraka wa kanuni za faili hizi za koma, tangu 2005 sio siri ya mganga. Wao wala. Msanii akawa Earth, wimbo ukaitwa Wind & Fire, jina la wimbo lenyewe likasukumwa kwenye albamu, albamu ikakaa kwenye mwaka, yani kila kitu kimehama chumba kimoja kulia na impoti inaona sawa tu.

Nikalalamika wakanipa toleo jipya linalozungushia nukuu kila kitu. Nikafurahi kama dakika kumi hivi. Maana zile rimiksi za enzi za santuri zimeandikwa 7" na 12", na hiyo alama ya inchi ndo nukuu yenyewe, ikiwa ndani ya jina inabidi iandikwe mara mbili ili msomaji ajue bado hujafunga. Haijaandikwa mara mbili. Basi impoti ikachanganya ndani na nje, ikameza mistari mpaka ilipokutana na inchi nyingine huko chini ndo ikazinduka, nyimbo 38 zimeingia kama wimbo mmoja. Kijani tena!!

Jamaa wa huduma kwa wateja ananijibu eti "mkuu fungua kwenye Excel urekebishe kwa mkono". Excel ndo mchawi wa pili huyo. Namba ya wimbo ni 00417, yeye kwake sifuri za mbele takataka, kasevu 417, ratiba inaita 00417, programu ya hewani inatafuta haioni kitu, na huo ndo ukimya wa saa nane niliousema. Wimbo wa Beyoncé unaitwa 7/11 umegeuzwa tarehe. Na yeye mwenyewe kanitokea BeyoncÃ© maana faili imeandikwa kwa UTF-8 halafu upande wa pili umeisoma kama Windows-1252, yani mifumo miwili tofauti ya kuhifadhi herufi, hapo kosa sio la Excel nikiri, ila nilishakuwa na hasira namtukana kila aliyepo.

Ila iliyonivunja mbavu na kuniliza kwa pamoja ni intro, ule muda wa ala tupu kabla mwimbaji hajaanza. Programu moja inaandika kwa milisekunde, nyingine inasoma sekunde, hakuna popote walipotaja. Intro ya 12500, yani sekunde kumi na mbili na nusu, ikasomeka sekunde elfu kumi na mbili na mia tano. Mtangazaji kaangalia skrini anaona ana saa tatu na dakika 28 za kuongea kabla mwimbaji hajaingia. Kanipigia simu kuniuliza kama ni wimbo au mahubiri.

Sasa hasira zangu ziko hapa: mashine inajua kolamu ni kumi na moja, inaona mstari una kumi na mbili, inaona intro ndefu kuliko wimbo wenyewe, inashindwa nini kusema "mkuu mstari wa 2,316 haueleweki"? Mstari mmoja tu wa onyo! Nimekuja kugundua mwenyewe kuna sehemu imefichwa ndani ndani huko kwenye mipangilio ya kutoa faili kwa TAB, ile nafasi ya kitufe cha Tab, badala ya koma, na sijaona bado wimbo wenye TAB kwenye jina, kwa hiyo koma na mimi tumeachana. Namba nazo nimeziwekea herufi mbele, N00417, kwenye ratiba na kwenye maktaba, Excel ishindwe yenyewe.

Mwenye skripti, kaprogramu kadogo tu, ya kuhesabu kolamu kila mstari kabla ya kuimpoti aitupie hapa. Mimi nina intro elfu nane za kugawa kwa elfu moja.