Sprinti za wiki mbili kwenye mradi wa programu huria: zinafaa kweli?

mjenzi_moro:
Wakuu, habari. Mradi wetu wa programu huria una wachangiaji kumi na kidogo, wote wa kujitolea, wametawanyika Morogoro, Nairobi na Ujerumani. Tunatumia skramu (utaratibu wa kugawa kazi ya timu katika vipindi vifupi) kama ya maofisini: sprinti, yaani vipindi vya kazi iliyoahidiwa, za wiki mbili na kikao cha dakika 15 kila siku. Kazi zinazopangwa haziishi, kikaoni hawaji, na toleo linaahirishwa kila mara kumsubiri mtu mmoja. Nini kibaki, nini kiondoke?

kiraka_kidogo:
Ondoeni ahadi ya sprinti, wekeni ratiba ya matoleo. Sprinti inataka ujue timu ina saa ngapi ndani ya wiki mbili zijazo, na wa kujitolea hawezi kuahidi saa. Akipata mtihani au msiba, haonekani mwezi mzima, na huna haki ya kumlaumu. Kwa hiyo kinachowekwa ni tarehe. Kilicho tayari kinaingia, kisicho tayari kinangoja toleo linalofuata.

Angalia kiini cha Linux (kernel), sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo endeshi. Toleo likitoka, dirisha la kuunganisha, yaani muda wa kupokea msimbo mpya, linafunguliwa kwa wiki mbili. Likifungwa inatoka rc1 (toleo la kwanza la majaribio), na kuanzia hapo Linus Torvalds, msimamizi mkuu, anapokea marekebisho tu, rc mpya karibu kila Jumapili hadi rc7, mara nyingine rc8. Jumla ni wiki 9 au 10. Mzunguko ukiwa mfupi hivyo, aliyechelewa hana sababu ya kulazimisha kiraka (badiliko la msimbo) kibichi. Toleo likiwa moja kwa mwaka, siku za mwisho kila mtu atasukuma alichonacho.

Kwenu ningeweka wiki 8: sita za kupokea, mbili za kurekebisha hitilafu tu. Sharti ni tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo) lijengeke wakati wowote, yaani msimbo ugeuke programu bila kukwama. Majaribio ya kiotomatiki yapite kwa kila ombi la kuunganisha (badiliko linaloombwa kuingia tawi kuu), na yasizidi dakika kumi. Yakichukua saa nzima, watu wataanza kuyaruka.

mpitiaji:
Naunga mkono, ila kwa kawaida foleni haiko kwa waandishi wa msimbo, iko kwa wapitiaji. Wekeni ukomo: mtu asiwe na maombi zaidi ya mawili yaliyo wazi. Akitaka la tatu, kwanza apitie la mwenzake. Ombi lisivuke mistari 200 hivi, na kila komiti (hatua iliyohifadhiwa kwenye historia ya msimbo) ibebe badiliko moja linalojengeka peke yake. Hilo la mwisho wengi hulidharau, halafu hitilafu ikitokea `git bisect`, amri ya kutafuta komiti iliyoileta kwa kugawa historia nusu kwa nusu, haiwasaidii. Kati ya komiti 1000 inampata mkosaji kwa majaribio kama 10, lakini nusu ya komiti zikiwa hazijengeki utabaki kuruka tu.

Kikao cha kila siku kiondoeni. Badala yake kila Jumatatu mtu aandike mistari mitatu: nimefanya nini, nimekwama wapi, nini naachia. Huo wa tatu ndio muhimu zaidi, maana kazi iliyoandikwa jina la mtu asiyeonekana haiguswi na yeyote. Siku 14 bila neno, jina liondolewe na kazi irudi kwenye orodha. Iwe kanuni kwa wote, hakuna atakayeona ameonewa.

mfasiri_pwani:
Kwenye zile wiki mbili za mwisho gandisheni na maneno ya kwenye skrini, yasibadilishwe. GNOME, mazingira ya eneokazi ya Linux yanayotoa matoleo Machi na Septemba, hufanya hivyo kabla ya kila toleo. Ukibadilisha sentensi ya asili hata kidogo, gettext (zana za kutafsiri programu) huitia tafsiri yake alama ya `#, fuzzy`, yaani haina uhakika, kwenye faili la tafsiri la .po, na `msgfmt`, zana inayoliandaa faili hilo litumiwe na programu, kwa kawaida huiacha nje. Mtumiaji wa Kiswahili anafungua programu, menyu yote ni Kiswahili, kitufe kimoja Kiingereza. Mfasiri naye ni wa kujitolea. Mpeni siku kumi.

mjenzi_moro:
Asanteni sana. Na sprinti ya kukutana ana kwa ana?

kiraka_kidogo:
Hiyo ina faida kubwa. PyPy, programu ya kuendesha msimbo wa lugha ya Python, ilianzia kwenye sprinti ya namna hiyo Hildesheim, Ujerumani, mwaka 2003. Kaeni wawili wawili kwenye kompyuta moja, mgeni na mwenyeji wa msimbo. Wiki moja kabla, kila mtu ahakikishe mradi unajengeka kwenye mashine yake, la sivyo siku ya kwanza yote itaishia kupakua vifurushi.